Kisu cha Pili

Mama yangu alikuwa na visu viwili vya jikoni. Cha kwanza kilikuwa kirefu, cha kumenyea ndizi, na hicho hata mgeni aliruhusiwa kukishika. Cha pili kilikuwa kifupi kama kidole, kimenolewa miaka mingi mpaka kimebaki kibanzi, mpini wake umezungushiwa kamba ya mgomba. Kazi yake ilikuwa moja tu, kuchokoa. Ndizi iliyopondeka mkungu ulipoanguka, ndizi iliyodonolewa na ndege, ndizi yenye kiini kigumu kama gome, zote zilipita kwanza kwenye kisu kirefu, kisha kwenye kisu kifupi, kisha zikatumbukia chunguni pamoja na nyingine. Chungu kikishaiva hakuna aliyejua ipi ilikuwa na kilema.

Nilizaliwa Kiruruma, Karagwe, mwaka 1956. Wakati huo Karagwe ilikuwa bado moja. Tuligawana na wenzetu wa Kyerwa mwaka 2012, wao wakabaki na Nkwenda na Murongo, sisi tukabaki na Kayanga na Omurushaka. Nimesoma habari za wafalme wetu, za wazungu waliopita kwetu, za vita na za kahawa. Sijasoma popote habari za mkungu mbaya. Nami ninazijua, kwa sababu nimekaa pande zake zote mbili, upande wa mama aliyeuokoa na upande wa mtu aliyelipwa mshahara kukataa mazao yenye kasoro.

Kwa asiyetujua sisi Wanyambo wa Karagwe, nyumba yetu hukaa katikati ya kibanja, shamba la migomba lenye mibuni ndani yake na maharage chini yake. Nje ya kibanja ndiko iliko rweya, nyika ya majani tunakokata nyasi za kutandaza na za kuezekea. Tata, yaani baba, alikata mkungu kwa mundu, akauegemeza kwenye shina la mbuni mbele ya nyumba, akauzunguka kama anayekagua ng'ombe. Hakuwa akiuliza kama mkungu ni mzuri. Alikuwa akiuliza unakwenda wapi. Uliokomaa vizuri ulikwenda kwa mama. Ulioanza kuiva mgombani kabla ya siku zake ulikuwa wetu sisi watoto, na ule wa ndizi za pombe ulisubiri wenzake wafikie idadi. Uliolazwa na upepo ukiwa mchanga, ndizi nyembamba kama vidole vya mgonjwa, ulimenywa, ukakatwa vipande, ukaanikwa juani siku kadhaa, kisha ukaingia kwenye kinu ukawa unga wa uji. Uji wake ulikuwa na rangi ya majivu na ladha kali kidogo. Sikuupenda, na sitadanganya leo kwamba ninautamani.

Chungu chenyewe kilimsaidia mama. Kwetu ndizi hupikwa pamoja na maharage. Yanatangulia maharage, yakikaribia kulainika ndizi zinawekwa juu, chungu kinafunikwa kwa majani ya mgomba, mvuke unafanya yaliyobaki. Ndizi iliyochokolewa nusu inakunywa mchuzi wa maharage sawasawa na ndizi nzima. Mapishi ya namna hii hayaulizi umbo. Vile vidogo vya mwisho wa mkungu, ambavyo siku hizi mnunuzi huvikata na kuvitupa pale pale barabarani, vilichomwa kwenye majivu ya moto, tukapewa sisi tuliorudi kutoka kuchunga mbuzi. Kilichobaki usiku kikawa kiporo, asubuhi kikachomwa juu ya makaa mpaka kikafanya ukoko. Nimekula hotelini Dar es Salaam vitu vya bei kubwa visivyofikia ule ukoko.

Pombe ilikuwa kazi ya wanaume, na hapo ndipo kasoro zote zilipokutana. Tata alichimba shimo, akalitandika majani makavu ya mgomba, akapasha joto, akazika mikungu humo siku nne au tano. Ndizi zilipotoka zilikuwa za njano, nyingine zimepasuka, nyingine zina madoa meusi. Zikamenywa na kumwagwa ndani ya mtumbwi wa mti, zikakanyagwa kwa miguu pamoja na nyasi mpaka maji yakatoka. Sisi tulikunywa yale maji matamu kabla hayajachacha. Kisha ukaingia unga wa mtama uliokaangwa, mtumbwi ukafunikwa, na kesho yake au keshokutwa rubisi ikawa tayari. Machicha waliyapata mbuzi. Nyasi zilirudi kibanjani zikanuka pombe wiki nzima.

Na kibanja kilidai chake. Maganda ya ndizi yasiyoliwa na mbuzi yalitupwa chini ya migomba iliyo karibu na mlango, ndiyo maana mikungu mikubwa kuliko yote ilikuwa pale pale nyuma ya jiko, hatua kumi kutoka kwenye mafiga. Maganda mengine mama aliyakausha, akayachoma, akachuja majivu yake kwa maji. Maji hayo aliyatia kidogo kwenye maharage magumu ili yalainike upesi. Bibi, mzaa baba, alikuwa akisema mgomba unakumbuka aliyekula. Nilidhani ni maneno ya wazee tu. Miaka mingi baadaye bwana shamba alitueleza mambo ya potasiamu, kwamba ndizi inaitoa kwa wingi ardhini na ganda linabeba sehemu kubwa, nikaona kwamba bibi na bwana shamba wanasema kitu kimoja, ila bibi hakuhitaji ubao.

Nisieleweke kwamba zamani watu wote walikula sawa. Karagwe ilikuwa na ikulu, na ikulu ilikuwa na macho ya kuchagua. Novemba 1861 Waingereza wawili, Speke na Grant, walifika kwa mfalme Rumanyika. Speke aliandika kwa mshangao kuhusu wanawake wa ukoo wa mfalme walionenepeshwa kwa maziwa hata wakashindwa kusimama, na mmoja wao, shemeji wa mfalme, Speke alimpima mkono, kifua, paja. Hivyo leo tunajua unene wa shemeji wa Rumanyika kwa inchi. Hatujui mke wa mkulima wa mlimani, siku ile ile, alifanya nini na ndizi iliyodonolewa na ndege. Mkulima huyo alipeleka ikulu kilicho bora, pombe na chakula, akala kilichobaki. Kwa hiyo mizani ya kwanza ya Karagwe haikuletwa na serikali wala chama cha ushirika. Ilikuwepo. Tofauti ni kwamba kilichokataliwa na ikulu hakikulala njiani. Kilirudi nyumbani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1890 ikaja sotoka, ikaua ng'ombe wa nchi hii kwa wingi. Bibi alisimuliwa na mama yake kwamba watu walitembea wakikanyaga mifupa. Ninachokifikiria mimi ni samadi. Kibanja bila samadi kinakufa polepole, na mtu asiye na ng'ombe hubakiwa na nini cha kukilisha zaidi ya maganda, majivu, machicha na nyasi za rweya? Ule ubahili wa mama yangu, wa kutotupa hata maji ya kuoshea ndizi, nimekuja kuuona kama mazoea ya watu waliowahi kupoteza ng'ombe.

Sasa nije upande wangu.

Mwaka 1986 nilipata kazi ya ukarani wa mizani katika chama kimoja cha msingi, jina lake nitaliacha. Nilikuwa na miaka 30, mwandiko mzuri, kalamu mbili mfukoni. Watu walileta kahawa ya maganda, robusta iliyokaushwa na tunda lake, wengine kwa baiskeli, wengine kichwani. Kazi yangu kabla ya kupima ilikuwa kuingiza mkono ndani ya gunia mpaka kwenye kiwiko, kuchota konzi ya chini kabisa, kuitikisa karibu na sikio. Kahawa kavu inalia kama njuga. Ikinyamaza, ni mbichi. Pia ziko nyeusi, ziko zilizoliwa na wadudu, ziko zilizochumwa kijani na mtu aliyekuwa na haraka ya ada ya shule. Mtu huyo mara nyingi alikuwa ameshaiuza kahawa yake ikiwa ua kwa mwenye fedha, biashara tunayoiita butura, na alichokuwa akifanya mizanini ni kuhangaikia kile kidogo kilichobaki. Nilikuwa nikisema neno moja: "Rudisha."

Mtu alirudisha gunia nyumbani, akaanika tena, au akalimwaga kibanjani usiku asionekane. Kahawa si ndizi. Huwezi kuichokoa ukaitumbukiza kwenye maharage. Ndilo zao la kwanza kwetu ambalo likikataliwa na mnunuzi halina mlango mwingine wa kuingilia. Wazee wetu walikuwa na kahawa yao ya kutafuna, zile buni zinazochumwa hazijaiva, zikachemshwa na majani yenye harufu, zikakaushwa, mgeni akapewa mbili tatu kiganjani kabla ya mazungumzo. Lakini nani atatafuna magunia matatu?

Siku moja mama yangu mwenyewe alikuja na gunia. Nilitikisa konzi sikioni. Haikulia. Watu wa foleni walikuwa wakitutazama. Nikasema, "Mama, bado ina maji kidogo." Sikuthubutu kusema lile neno langu. Yeye akaniangalia, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Basi itenge iliyokauka, hiyo nyingine nitarudi nayo." Nikamwambia mizani haitengi, gunia linapita zima au linarudi zima. Alifunga gunia lake bila kuniambia kitu. Jioni nilipokwenda kumsalimia nilimkuta amelimwaga lote juu ya mkeka, amekaa chini, anachambua moja moja.

Sidai kwamba mizani ilikosea. Kahawa yenye maji huota ukungu, na gunia moja huharibu mlundikano mzima. Kuna vitu ambavyo kisu cha mama hakiviwezi kabisa. Mwaka 2016 huko Dodoma na Manyara watu 68 waliugua kwa sumukuvu na 20 kati yao wakafa, kwa kula mahindi yenye ukungu. Ukungu kwenye nafaka hauchokolewi. Haukai mahali pamoja, wala sumu yake haiondoki kwa kupikwa, na wale wanaosema mahindi mabovu yafanywe pombe wanaihamisha sumu tu kutoka sahanini kwenda kwenye kikombe. Hili nimelirudia mbele ya vijana wangu mpaka wamechoka, maana siku hizi kuna mtindo wa kusifu kila kitu cha wazee.

Ninachosema ni kingine. Mizani ilitufundisha jicho, na jicho hilo halikubaki kwenye kahawa.

Baada ya kahawa yakafuata maharage. Mama alipanda mchanganyiko: ya njano, meusi, yenye madoa mekundu, meupe, ya zambarau, yote katika mashimo yaliyo jirani, kwa sababu mvua ikiyakataa haya itayakubali yale. Alivuna mchanganyiko, akapika mchanganyiko. Kisha wakaja wanunuzi waliotaka rangi moja. Watafiti walikuwa wametoa mbegu nzuri, Lyamungo 85, Lyamungo 90, baadaye Jesca, na soko likazipenda zile zenye mabaka mekundu. Nakumbuka usiku wa koroboi, watoto wangu wanne wameuzunguka ungo, wanatenga rangi, wakisinzia. Yenye mabaka yaliingia kwenye gunia, na gunia lenyewe mnunuzi alitaka lijae mpaka lifanye kichwa, ile rumbesa inayopigwa marufuku kila mwaka. Yaliyobaki, ya kila rangi, madogo, yaliyokunjamana, yaliyovunjika, tulikula sisi. Mke wangu ndiye aliyelisema kwanza, akiwa anapembua: "Zamani sokoni tulipeleka kinachobaki nyumbani. Sasa nyumbani tunakula kinachobaki sokoni."

Sijapata mwanahistoria aliyelieleza jambo hili kwa maneno machache kuliko hayo.

Ndizi zilikuwa za mwisho kupata jicho. Tulizoea kuuza mkungu mmoja mmoja, kwa jirani, kwa mwalimu, kwa mtu wa Bukoba mwenye gari dogo. Halafu mwishoni mwa miaka ya 1990 mradi wa maendeleo ya jamii wa Kagera, kwa fedha za Ubelgiji, ukaleta machipukizi mapya, ile migomba ya FHIA iliyozalishwa Honduras, na Yangambi kutoka Kongo. Tulikuwa na shida. Fukusi walikuwa wamekula mashina, migomba ilianguka yenyewe, na mikungu ikawa midogo mwaka hadi mwaka. Hii mipya ilisimama na ikazaa mikungu ambayo mtu mmoja hawezi kuinua. Mama alipika ya kwanza, akaonja, akasema, "Kubwa." Hakuongeza neno. Lakini mnunuzi haonji. Mnunuzi hutazama, na mkungu mkubwa unamjaza macho kabla ya enshakala yetu ndogo yenye utamu wake. Lami ya Kyaka hadi Bugene ilipojengwa katika miaka ya 2010, kilomita 59, malori yakafika kwa wingi, ya kwenda Mwanza, ya kwenda mbali zaidi. Mkungu hauuzwi kwa kilo. Unauzwa kwa jicho la dalali.

Lakini tusijione wa ajabu. Mwaka 1994 Umoja wa Ulaya uliandika kanuni kwamba ndizi ya kuingia sokoni kwao isiwe na mpindo usio wa kawaida, isipungue sentimita 14 kwa urefu na milimita 27 kwa unene. Kanuni hiyo haikuzihusu ndizi za kupika, kwa hiyo zetu zilinusurika. Nilicheka niliposoma, kisha nikakumbuka kwamba dalali wa Omurushaka hana rula na bado anakata kwa ukali zaidi.

Niliwahi kwenda Mwanza kumwona binti yangu, akanipeleka sokoni kununua ndizi za kwetu. Nilizifahamu kwa sura. Nyuma ya vibanda kulikuwa na jaa, na katika jaa kulikuwa na maganda, na chane zilizogeuka nyeusi kwa kubanwa ndani ya lori, nzuri kabisa ndani. Nilichukua moja, nikaimenya, binti yangu akaona haya. Niliangalia yale maganda. Mita chache kutoka pale ni maji ya Ziwa Victoria. Yale maganda yalitoka nyuma ya majiko ya Kiruruma na Nkwenda, na hayatarudi. Lori linaposhuka kwenda Kyaka limebeba ndizi, na chini ya ndizi limebeba kibanja.

Mwaka 2006 ugonjwa wa mnyauko bakteria wa migomba, uliokuwa umeonekana Uganda mwaka 2001, ulithibitishwa Muleba, na haukukawia kutufikia. Majani yananyauka kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Ndizi inaiva kabla ya wakati, lakini si kama zile zetu za utotoni. Ukiikata, ndani ina rangi ya kutu, na shina likikatwa linatoa usaha wa njano. Mkungu kama huo hauna pa kwenda. Hauendi chunguni, hauendi shimoni. Mgomba unang'olewa. Wataalamu wakatufundisha kuondoa ua dume kwa panda ya mti badala ya kukata kwa chuma, kwa sababu ugonjwa husafiri kwenye ncha za mundu na visu, kutoka mgomba hadi mgomba, kibanja hadi kibanja. Ukilazimika kukata, pitisha chuma motoni au kichovye kwenye jiki.

Mama alikuwa bado hai. Alilisikiliza somo lote akiwa amekaa kwenye ngazi, kisha akaniuliza, "Yaani hata kisu changu?" Nikamwambia chake ni cha jikoni, hakigusi mgomba. Akasema jikoni ndiko yanakotoka maganda, na maganda ndiyo yanayotupwa migombani. Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo alikichomeka darini juu ya jiko, na mkungu wenye shaka akawa anautupa mzima, mbali, kwenye shimo nililomchimbia. Alifariki mwaka 2011.

Julai iliyopita nilikuwa barabarani lori likipakia. Kijana wa dalali alimfikia bibi mmoja, jirani yangu, aliyekuwa amesimama na mikungu mitatu. "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu." Akaizungusha kwa mguu. "Huu unapanda gari. Hii miwili haipandi." Bibi akauliza kasoro yake. "Midogo, bibi, na huu umechubuka." Hakuwa na utovu wa adabu, alikuwa na haraka, kama nilivyokuwa mimi. Lori likaondoka. Mikungu miwili ikabaki kwenye majani, na bibi akabaki anaiangalia kana kwamba hajui njia ya kurudi nayo. Nikainunua yote miwili. Akanipunguzia bei bila mimi kuomba, jambo lililonikera.

Nyumbani niliikagua kwa makini, nikakata ndizi moja katika kila chane kuangalia ndani. Nyeupe, safi. Michubuko ilikuwa ya juu tu. Mjukuu wangu kutoka Mwanza, aliyekuja kwa likizo, alisimama mlangoni akasema, "Babu, hizo si mbovu?" Nikapanda juu ya kigoda, nikapapasa darini kwenye masizi, nikakipata. Kamba ya mpini ilikuwa imeoza, ikadondoka. Nikakipitisha motoni, upande huu na upande huu, nikamwambia akae chini anishikie ungo.